Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Kila atajwapo Ed Sullivan, wasimulizi wa historia ya runinga ya Marekani huanza kumhimidi: Mkatoliki wa asili ya Kiayalandi aliyewafungulia wasanii wa Kiyahudi mlango wake, Jumapili usiku, tangu 1948 hadi 1971. Sifa hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imepinda. Inamfanya mwenye ukumbi kuwa mfadhili na wasanii kuwa waombaji. Basi na tuulize: nani alimfaa nani?

Sullivan hakuwa mwimbaji, hakuwa mchezaji ngoma, wala kuchekesha hakukujua. Alisimama mbele ya kamera kama mlingoti, mabega yamekakamaa, ulimi mzito. Alichokuwa nacho ni jicho la kuchagua, na alichokichagua kilikwishapikwa na wengine. Wachekeshaji kama Myron Cohen na Alan King walinolewa katika hoteli za milima ya Catskill, kaskazini ya jiji la New York. Hoteli hizo Wayahudi walizianzisha kwa sababu nyingi za wenzao zilikuwa zikiwakataa. Chuo kile cha kicheko kilizaliwa na mlango uliofungwa, si na ukarimu wa mtu. Sullivan alivuna shamba asilolilima.

Watetezi wake humtaja mkewe, Sylvia Weinstein, Myahudi aliyemwoa 1930 ijapokuwa jamaa wa pande zote mbili walipinga. Ndoa hiyo naiheshimu. Ilidumu hadi Sylvia alipofariki, 1973. Lakini ndoa ni amana ya watu wawili, haifai kugeuzwa stakabadhi ya wema aliotendewa umma mzima.

Mwaka 1958 alimpandisha jukwaani Itzhak Perlman, mtoto wa miaka 13 mzaliwa wa Tel Aviv, ambaye polio ilimwachia kutembea kwa magongo. Ni jambo jema, sikanushi. Lakini fidla ile ilikuwa ya mtoto, na ilipigwa kwa vidole vyake mwenyewe.

Tena, afunguaye mlango aweza kuufunga. Oktoba 1964 mchekeshaji Jackie Mason, aliyekuwa rabi kabla ya kushika kazi ya jukwaa, alivifanyia mzaha vidole vya Sullivan vilivyokuwa vikimwashiria muda uliobaki. Sullivan alidhani ameonyeshwa ishara ya matusi, akauvunja mkataba. Mason alikwenda mahakamani. Miaka 2 baadaye Sullivan alimrudisha kipindini, akamwomba radhi hadharani. Hapo ndipo ninapomwona muungwana: alipokiri kumkosea mtu ambaye wengi walidhani ni mdeni wake.

Mpenzi wa tungo anajua kwamba ukumbi bila malenga ni kuta tupu. Mwenye ukumbi apewe haki yake, lakini asipewe na ya malenga. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa miaka 23 wageni walikuja, na aliyepona ni Sullivan.