Mji Mkongwe wa Unguja na Pembe za Ndovu



Wanafunzi huuliza mara nyingi: Kiswahili tunachosema hapa Kirotshe, kando ya ziwa Kivu, kilitoka wapi? Huambiwa kwamba kilitoka pwani. Jibu hilo ni la kweli, lakini halimshibishi mtu mwenye akili. Basi leo twende pamoja mpaka Zanzibar, tuingie katika mtaa wake wa kale uitwao Mji Mkongwe, tukaone nyumba za wale walioituma misafara kuja bara.

Ashukaye bandarini huona kwanza majumba marefu meupe yaliyoelekea baharini. Akiyapita na kuingia ndani, mara njia humpotea, kwa maana vichochoro ni vyembamba na hakuna kinachokwenda sawasawa. Tusidhani kwamba waliojenga walikosa maarifa. Kuta ndefu zilizokaribiana huleta kivuli, na upepo wa bahari hupita kati yake. Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, na dari hushikwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hizo ni fupi, vyumba navyo ni virefu na vyembamba.

Nje ya nyumba nyingi, ukutani, kuna kikalio kirefu cha mawe kiitwacho baraza. Hapo wanaume hukaa jioni na kuzungumza. Sisi huku twauita ukumbi wa mbele ya nyumba "barza". Neno ni lile lile. Limefika kwetu kwa miguu ya watu.

Ni watu gani hao? Tutazame milango. Ni ya mbao nzito, iliyochongwa maua na minyororo, na mingine ina misumari mikubwa ya shaba. Mlango ulitangaza mali ya mwenyewe. Na mali hiyo ilitoka wapi? Mnamo 1840 Seyyid Said alihamisha makao yake kutoka Oman, na Unguja ikawa soko kuu la karafuu, la pembe za ndovu na la wanadamu. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikafika Kasongo na Nyangwe katika Maniema, nchi inayopakana na Walikale yetu. Pembe zilikwenda pwani mabegani mwa wapagazi na watumwa. Ulaya na Marekani zikageuzwa vitana na vipande vyeupe vya piano.

Katika mtaa wa Shangani ingaliko nyumba ya Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip. Yeye alishika sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo, na mwaka 1887 mfalme Leopold wa Pili alimfanya gavana wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo. Alifia Unguja mwaka 1905.

Toka hapo twende Mkunazini. Soko la watumwa lililokuwa hapo lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipopatana na Waingereza. Siku ya Noeli ya mwaka ule ule Waanglikana waliweka jiwe la msingi la kanisa lao mahali pale pale. Leo, kando ya kanisa hilo, zipo sanamu za watu waliosimama shimoni, wamefungwa mnyororo shingoni. Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu, lenye minara miwili, lilijengwa katika mji huo huo kati ya 1893 na 1898.

Mwaka 2000 UNESCO iliuandika Mji Mkongwe katika urithi wa dunia. Lakini mawe nayo huchoka. Siku ya Noeli ya mwaka 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Barghash mwaka 1883, ilianguka na kuua watu wawili.

Tippu Tip aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, nasi twaweza kuzisoma hata leo. Mpagazi aliyebeba pembe zake hakuandika kitu, wala jina lake halikuchongwa juu ya mlango. Kama habari zake zimebaki, zimebaki vinywani mwa wazee wetu. Na vita vimezihamisha jamaa nyingi za Masisi na Walikale. Mzee akizikwa ugenini, masimulizi yake huzikwa pamoja naye.

Mwanafunzi mpenzi, wewe unayo kalamu. Jioni hii keti na babu yako, au bibi yako, barzani. Muulize alisikia nini kwa wakubwa wake juu ya misafara, juu ya njia za zamani na juu ya waliochukuliwa wasirudi. Andika majina kwanza, kisha mahali, kisha mambo yaliyotendeka. Wala usiongeze la kwako. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.