USIRUKE MAJINA HAYO



Somo: Mathayo 1:1-17

Wengi wetu tukifungua Mathayo 1 na kuona yale majina, tunaruka hadi kwa mamajusi na nyota. Leo tusiruke. Orodha ile ni risiti. Katika Mwanzo 12 Mungu alimwahidi Abrahamu kwamba mataifa yote yatapata baraka kupitia kwake. Katika 2 Samweli 7 alimwahidi Daudi ufalme usiokoma. Mathayo anahesabu vizazi 14 mara tatu ili uone ahadi hiyo ikipita nyumba hadi nyumba mpaka ikamfikia Kristo.

Sasa tazama jambo moja. Mathayo hakuandika kila mtu. Linganisha na 1 Mambo ya Nyakati 3: kati ya Yoramu na Uzia amewaruka wafalme watatu, Ahazia, Yoashi na Amazia. Kama angetaka kuficha aibu ya ukoo, nafasi alikuwa nayo. Lakini Tamari, aliyezaa na baba mkwe wake, yumo. Rahabu wa Yeriko yumo. Ruthu Mmoabi yumo. Mke wa Uria yumo. Wafalme watatu wameachwa, na wale ambao ukoo ungewazungumzia kwa minong'ono wameandikwa. Mungu alitimiza agano lake kupitia hao hao.

Neno hili linatuhusu sisi wa Membley, Ruiru na Thika. Kahawa imeng'olewa, ploti zimepimwa, shamba la guka sasa ni la mamilioni. Mzee akifariki bila wosia, familia huenda kwa chifu kutafuta barua yenye majina ya walioachwa na marehemu, ndipo waende kortini. Hapo ndipo majina huanza kurukwa. Dada aliyeolewa haandikwi, eti ana kwao. Mtoto ambaye mzee alimzaa nje haandikwi. Watoto wa ndugu aliyetangulia kufa hawaandikwi. Halafu Jumapili walioandikisha barua hiyo wako viti vya mbele, mikono juu, wakiomba laana za ukoo zivunjwe.

Mpendwa, usiite laana ya ukoo jambo ulilotia sahihi mwenyewe.

Soma Hesabu 27. Selofehadi alikufa jangwani bila mtoto wa kiume. Binti zake, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, walisimama mbele ya Musa na mkutano wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lipotee. Musa alipeleka shauri kwa Bwana, na Bwana akasema wana haki. Kisha nenda Yoshua 17. Musa amekufa, jangwa limeisha, na wale mabinti wanakuja kudai walichoahidiwa. Wakapewa. Biblia ikayaandika tena majina yote matano.

Najua kuna atakayesema, "Pasta, binti akipewa, shamba litahamia kwa watu wengine." Hofu hiyo si mpya. Katika Hesabu 36 wazee waliileta, ikasikilizwa, ikawekewa utaratibu. Lakini hakuna aliyefuta majina ya mabinti. Hata Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, haimbagui mtoto kwa kuwa ni msichana. Sisi tuliookoka tunangoja nini?

Tunapenda kumwita Mungu mwaminifu, Mungu wa Abrahamu, Isaka na Yakobo. Uaminifu wake tunausoma kwa majina. Na majirani zetu wataupima wetu kwa majina yaliyo kwenye ile barua.

Kama kwenu kuna kesi ya urithi, wiki hii ichukue barua hiyo, isome jina kwa jina, kisha uulize: nani hayumo?

Na wewe uliyerukwa, usikate tamaa, wala usiende na panga. Wale mabinti walienda na maneno, mbele ya watu wote, wakasikilizwa. Simama, dai kwa amani. Aliyemwandika Tamari anakujua kwa jina.

Baba, tupe ujasiri wa kuandika majina ambayo tuliyaruka. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, sema Amina, kisha umpigie simu ndugu yako.