Mgeni Akiondoka, Uwanja Ni wa Nani?

Liko jambo ambalo aghalabu husahauliwa pindi mkataba wa kujenga uwanja wa ndege unapotiwa saini, nalo ni siku ya kufungwa kwake. Siku ya kufunguliwa hupigwa ngoma, hukatwa utepe na wakubwa husoma hotuba. Siku ya kufungwa haina hotuba. Bendera hushushwa, ndege ya mwisho huruka, na wanaobaki ni wenyeji, ambao hawakuulizwa uwanja ulipojengwa wala hawakuulizwa ulipofungwa.

Twasema haya tukiwa hapa Gombani, mwendo mfupi kutoka uwanja wa ndege wa Pemba. Uwanja huu si wa kijeshi na haujafungwa, Alhamdulillahi. Lakini Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imekwisha kutangaza azma ya kuupanua, na zama za upanuzi ndizo hasa zama za kuuliza mwisho wa jambo utakuwaje. Nasi tumeona tutazame kwanza walivyofanyiwa wenzetu wa visiwa vingine vya bahari hii ya Hindi, ambao walikaribishwa viwanja vikubwa kuliko chetu, vya majeshi yenye nguvu, kisha wakaachwa navyo.

Yafaa ieleweke kwamba jeshi halifungi uwanja kwa kuwachukia wenyeji, kama ambavyo halikuujenga kwa kuwapenda. Katika miaka ya 1950 ndege za Waingereza zilizotoka kwao kwenda Singapore hazikuweza kufika bila ya kutua njiani kujaza mafuta. Kwa hiyo zilihitaji vituo baharini, kama msafiri wa miguu anavyohitaji visima. Baadaye zikaundwa ndege ziwezazo kwenda mbali zaidi, na mwezi wa Januari 1968 serikali ya Harold Wilson ikatangaza kwamba majeshi ya Uingereza yataondoka mashariki ya Suez. Tangu siku hiyo visima vile vilikuwa havina msafiri. Ilibaki tarehe tu.

Kisiwa cha Gan kimo katika kundi la visiwa vya Addu, kusini kabisa mwa Maldivi. Watu wa huko ni Waislamu na wavuvi, wazijuao pepo za msimu kama sisi tuijuavyo kusi na kaskazi, hivyo habari zao hazihitaji mkalimani mbele ya Mpemba. Waingereza walikuwa na kituo cha siri huko wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha wakarejea kwa mkataba wa mwaka 1956. Njia ya kurukia ndege ikakila kisiwa. Wenyeji wa Gan wakahamishiwa kisiwa jirani cha Feydhoo, na baadhi ya watu wa Feydhoo, kwa ufinyu wa nafasi, wakasukumwa hadi Maradhoo. Yaani uwanja mmoja ulihamisha vijiji viwili, na hicho cha pili hata hakikuwa ndani ya ramani ya uwanja.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kwa hakika kwa muda wa karibu miaka 20 Addu ilipona. Mamia ya watu walipata kazi za upishi, za uboi, za ukuli na za utunzaji wa bohari. Mvuvi alikuwa na mnunuzi mlangoni. Mshahara huu ulikuwa na nguvu kubwa hata ukaingia katika siasa. Mwaka 1959 visiwa vya kusini, vikichukizwa na kodi na masharti ya serikali ya Malé, yakiwemo yaliyogusa ajira ya kituoni, vilijitangazia jamhuri yao chini ya Abdulla Afeef. Jamhuri hiyo ilikwisha mwaka 1963, na Afeef akapelekwa uhamishoni Shelisheli. Hatulitaji jambo hili ili kuhalalisha fitina ya kujitenga. Msimamo wetu katika hilo unajulikana. Twalitaja ili watendaji wajue kwamba riziki ya watu wa kisiwani ikifungwa kwenye uwanja mmoja, uwanja huo hauwi tena shauri la wahandisi peke yao.

Mwezi wa Machi 1976 Waingereza wakaondoka Gan. Mkataba uliorekebishwa mwaka 1960 ulikuwa wa miaka 30. Ulikatika kabla ya muda wake kutimia. Mtu aliyeanza kazi jikoni akiwa kijana, akaoa na kulea kwa mshahara ule, akaamka hana mwajiri, wala hakuwa amejifunza upya kutega samaki. Na kisiwa cha Gan hakikurudi kuwa kijiji. Waliohamishwa walikuwa wamekwisha kuzeeka au kuzaa ugenini, na mahali palipokuwa na minazi yao palikuwa na lami.

Insafu yatutaka tuseme pia lililo jema. Maldivi ilikuwa imefungua hoteli yake ya kwanza ya watalii mwaka 1972, na watu wa Addu wakaenda kaskazini kufanya kazi katika hoteli hizo, kwa kuwa Kiingereza walichokiokota jikoni kwa Mwingereza kilikuwa sasa ni mtaji. Mwaka 1977 Warusi walitaka kukodi Gan kwa dola milioni moja kwa mwaka, na Rais Ibrahim Nasir akakataa. Tunaheshimu kukataa kule. Dola ndogo yenye watu wasio na kazi kuikataa fedha ya namna hiyo si jambo jepesi. Kisha yale mabweni ya askari yakapangishwa viwanda vya kushona nguo, navyo mwishowe vikaenda zake kama walivyokwenda askari. Kilichodumu ni njia ya ndege yenyewe, ambayo hatimaye ilifanywa uwanja wa kimataifa wa raia. Lakini tazama ni miaka mingapi ilipita kati ya kufungwa kwa Machi 1976 na hapo. Kizazi kizima kililipa gharama ya muda ule.

Mwaka mmoja baada ya Gan, mwezi wa Machi 1977, Waingereza waliondoka pia katika kisiwa cha Masirah, pwani ya Omani, nchi ambayo wengi wetu Pemba tuna jamaa huko. Hapa mambo yalikwenda njia nyingine. Uwanja haukufungwa bali ulibadili mwenyewe: ulichukuliwa na jeshi la anga la Sultani, na baada ya mapatano ya mwaka 1980 Wamarekani wakapewa ruhusa ya kuutumia. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo ndege zilizobeba askari wa Marekani waliokwenda kujaribu kuwakomboa mateka wao Iran ziliruka kutoka Masirah. Mvuvi wa Hilf, hapo kisiwani, huziona ndege zikimpita kichwani, na yeye mwenyewe akitaka kwenda bara hungoja kivuko cha Shannah. Uwanja uko kisiwani, lakini si wa kisiwa.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya mbali, na kwamba Zanzibar haikupata kuwa na uwanja wa mabeberu. Tuwakumbushe Tunguu. Kituo cha Marekani cha kufuatilia vyombo vya anga vya Mercury kiliwekwa Unguja kwa makubaliano ya mwaka 1960, baina ya Uingereza na Marekani, nasi tukiwa watawaliwa. Wazee wetu walikipinga kwa maandamano, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kikafungwa mwaka ule ule. Kuondoka kwake kulikuwa haki. Lakini neno lililotushughulisha lilikuwa moja tu: waende. Maneno mengine, mathalan nani amejifunza nini katika vyombo vile na ardhi ile itafanywa nini kesho yake, hayakuwa na msemaji.

Na si lazima pawepo mgeni ndipo uwanja uwe wa kijeshi. Uwanja wa ndege haujui sare. Mwanza jeshi na raia hutumia uwanja mmoja, na mwaka 1979, katika vita dhidi ya Idi Amin, mji ule ulishambuliwa kutoka angani. Kule Berbera, Warusi walijenga katika miaka ya 1970 njia ya ndege yenye urefu wa zaidi ya kilomita nne. Wakafukuzwa mwaka 1977, wakaja Wamarekani, nao wakaondoka, kisha ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe. Njia ndefu kuliko nyingi za Afrika ikawa haina ndege za maana za kuitumia. Uwanja wa raia ulizinduliwa hapo mwaka 2021. Urefu wa lami, basi, si utajiri. Lami huliwa na mvua isipopata mtu wa kuziba nyufa. Mifereji ikizibika maji husimama, mizizi huinua kingo, na matangi ya mafuta yaliyoachwa chini ya ardhi huota kutu na kuvuja. Kwenye kisiwa kinachokunywa maji ya visima, tangi moja linalovuja ni msiba wa kijiji.

Sasa tuje kwetu. Njia yetu ya ndege ina urefu wa kama kilomita moja na nusu, na hutumiwa na ndege ndogo za Unguja, Dar es Salaam na Tanga. Mwenye kudhani kwamba hicho ni kitu kidogo na akumbuke Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama ikija huku na mamia ya watu wetu. Mgonjwa mahututi, karatasi za mitihani, daktari bingwa: hayo yote yaweza kungoja meli siku bahari imetulia, na siku ya kusi kali hayana njia isipokuwa ile. Sisi tunaunga mkono upanuzi, na wala hatuna haya kusema hivyo.

Bali tunawaambia ninyi mlio ofisini kwamba mwisho wa uwanja uandikwe katika waraka ule ule unaoandika mwanzo wake. Kama siku moja utatakiwa na jeshi, letu au la rafiki, wananchi wajue mapema ni saa zipi na sehemu ipi itabaki yao. Kama mkandarasi au mwendeshaji ataondoka, iandikwe ni nani atakayeondoa matangi na kusafisha ardhi, na kwa fedha iliyowekwa wapi. Ahadi ya mdomo haisafishi kisima. Vijana wa Chake Chake, Wete, Micheweni na Mkoani wafundishwe zimamoto, mawasiliano, umeme wa taa za njia na utabiri wa hali ya hewa, si kubeba mizigo tu. Maana watu wa Addu waliokolewa na kile walichokijua, si na kile walichoachiwa.

Liko na suala la ardhi, ambalo hapa kwetu lina sura yake. Tangu Mapinduzi ardhi ni mali ya umma, lakini mti una mwenyewe, na mkarafuu si muhogo. Mkarafuu hungojwa miaka saba au minane kabla ya kuzaa, kisha humlisha mwenyewe na wanawe na wajukuu. Fidia ilipwayo kwa mkupuo mmoja, kwa hesabu ya mavuno ya msimu mmoja au miwili, humwacha mkulima na fedha ya kujengea bati na bila ya riziki. Watu wa Gan walitolewa kwenye minazi yao na uwanja uliodumu miaka 20 tu. Mti mmoja wa karafuu wa Pemba huishi kuupita uwanja wa namna hiyo mara kadhaa.

Kwa hiyo tunaomba, na hili halihitaji mkopo wala mtaalamu wa kigeni: orodha ya mikarafuu itakayokatwa ibandikwe kwa sheha wa kila shehia inayohusika, kwa idadi, kwa umri wa mti na kwa jina la mwenyewe, isomwe hadharani baada ya Ijumaa mbili mfululizo, na kila mwenye kupinga hesabu asikilizwe kabla ya shoka la kwanza.