Meno ya Kahawia, Magoti Mazito

Mama mmoja wa Kinampanda, wilayani Iramba, alikuja mjini kwa mwanawe akiwa na mjukuu aliyemlea. Yeye magoti na kiuno vilikuwa vimekakamaa. Mtoto alichekwa shuleni kwa meno yenye madoa ya kahawia. Mama akapewa vidonge vya maumivu, mtoto akaambiwa apige mswaki zaidi. Alisugua kwa mkaa hata fizi zikatoa damu.

Hakuna aliyewauliza walikunywa maji gani.

Ndugu msomaji, Singida ni miongoni mwa mikoa yetu ambayo baadhi ya visima vyake vina floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, huyaharibu meno ya mtoto yangali yakijengeka ndani ya ufizi; doa hilo si uchafu, wala mswaki hauliondoi. Ikizidi mno kwa miaka mingi, hujikusanya mifupani na kukakamaza viungo. Kuchemsha maji, desturi njema dhidi ya kuhara, hakuiondoi. Magadi ya kulainishia maharage nayo huweza kuiongeza.

Si kila goti liumalo ni la floraidi. Uzee na jembe navyo vina sehemu yake. Ndiyo sababu maji ya kisima hicho yapelekwe kupimwa maabara, na maji ya mvua yakingwe kwa ajili ya watoto. Meno ya mjukuu yule hayatajirudia weupe wake. Lakini mdogo wake ana mwaka mmoja tu.