Baa za Birmingham Hazikuuawa na Wageni

Wahamiaji walikuja, hawanywi pombe, baa zikafa. Katika miji ya viwanda ya Uingereza maelezo haya hutolewa kila mtu anapopita mbele ya baa ya enzi za Malkia Victoria iliyopigiliwa mbao madirishani, au mbele ya kiwanja kitupu ilipokuwa imesimama. Wazee wa Kiingereza huyasema kwa uchungu wa kweli. Wanasiasa huyasema kwa kutafuta kura. Na siku hizi nayasikia hata miongoni mwetu, Waafrika tunaoishi nchi ile: wapo wanaoyakubali kwa aibu, na wapo, hasa wacha Mungu, wanaoyakubali kwa fahari, kana kwamba kufungwa kwa baa ni ushindi wetu.

Wote wanarudia uongo. Baa hizo ziliuawa, lakini waliozimaliza wanajulikana kwa vyeo na wengine kwa majina. Walikuwa wenyeji, walikuwa na madaraka au mtaji, na kazi yao waliianza kabla mhamiaji wa kwanza kutoka Punjab au Jamaika hajapanga chumba mtaani. Nachukua mfano wa Birmingham, kwa sababu huko ndiko uongo huu ulikostawi na huko ndiko ushahidi wa kuupinga ulikojaa.

Kwanza tuelewane kuhusu kilichopotea. Karne ya 19 Birmingham ilitengeneza skrubu, nibu za kalamu, vifungo, bunduki na vito, na ilivitengeneza katika maelfu ya karakana zilizobanana na nyumba za wafanyakazi. Nyumba zenyewe zilipeana migongo: ukuta mmoja kwa familia mbili, hakuna mlango wa nyuma, bomba na vyoo vya kushirikiana uani. Vita Kuu ya Kwanza ilipokaribia, jiji bado lilikuwa na nyumba za namna hiyo zaidi ya 40,000. Mtu mwenye chumba kimoja cha chini, ambamo mke anapika, watoto wanalia na nguo zinaning'inia, angemkaribisha wapi mgeni? Baa ya pembeni ndiyo iliyokuwa sebule ya mtaa. Humo ndimo vyama vya wafanyakazi vilimokutania, vyama vya kuzikana vilimokusanyia michango, na habari za kazi zilimopatikana.

Sheria ya mwaka 1830 ilimruhusu karibu kila mlipa kodi ya nyumba kuuza bia kwa leseni ya gini mbili kwa mwaka, na vilabu vya bia vikazagaa kila kona. Mwishoni mwa karne zikaja kampuni kubwa: Ansells ya Aston, na Mitchells & Butlers iliyoundwa mwaka 1898. Hizi ziliwaajiri wasanifu James & Lister Lea, nao wakalipamba jiji kwa baa za udongo mwekundu wa kuchomwa, kuta za ndani zikimeta kwa vigae vya rangi. Woodman, White Swan ya Bradford Street, na Bartons Arms iliyofunguliwa Aston mwaka 1901 ni kazi zao. Mfua vyuma aliyelala katika chumba chenye unyevu aliingia jioni katika jumba lenye fahari kama la tajiri, kwa bei ya bilauri moja. Hata asiyekunywa tone anaweza kuona hapo kuna jambo la kuheshimiwa.

Sasa tuwataje waliozimaliza.

Wa kwanza walikuwa mahakimu wa leseni na kampuni za bia zenyewe. Kuanzia miaka ya 1890, chini ya Arthur Chamberlain, mahakimu wa Birmingham walikubaliana na watengeneza bia kufuta mamia ya leseni katika mitaa ya maskini. Arthur alikuwa ndugu yake Joseph Chamberlain, yule Waziri wa Makoloni aliyeshuka Mombasa mwaka 1902 kukagua reli ya Uganda. Kampuni hazikulazimishwa kwa mjeledi. Ziliona faida: baa ndogo zikiondoka, wateja wataelekea kwenye kubwa chache, na hizo kubwa ni mali yao. Sheria ya mwaka 1904 ikaugeuza mpango kuwa wa nchi nzima na kuweka fidia kwa leseni zilizofutwa. Kati ya vita vikuu viwili, leseni za katikati ya jiji ziliendelea kusalimishwa ili kampuni ziruhusiwe kujenga majumba makubwa yenye bustani pembezoni, kando ya barabara kuu. Kauli ya wakati huo ilikuwa kwamba baa ziwe chache na bora. Uchache ulipelekwa kwa maskini, ubora ukapelekwa vitongojini. Wakati huo Wahindi na Waafrika wa Birmingham walikuwa wachache mno. Hakuna mtu mwenye akili timamu angeweza kuwalaumu kwa lolote.

Wa pili alikuwa mhandisi wa jiji na ramani yake. Mwaka 1947 halmashauri ya jiji ilitumia mamlaka ya ununuzi wa lazima kutwaa maeneo matano ya wafanyakazi yaliyozunguka katikati ya mji. Ndiyo yaliyokuja kuitwa Nechells Green, Newtown, Ladywood, Lee Bank na Highgate. Herbert Manzoni, mhandisi wa jiji tangu mwaka 1935 hadi 1963, ndiye aliyeusukuma mradi huo. Sitetei nyumba zilizobomolewa. Nyingi hazikufaa kuishi binadamu, na familia zilizopata choo cha ndani kwa mara ya kwanza zilikuwa na haki ya kushukuru. Lakini tingatinga halikuchagua. Pamoja na nyumba mbovu ziliondoka karakana, maduka, na baa imara za matofali zilizoweza kudumu miaka mia nyingine. Mitaa yenyewe ilifutwa ardhini ili kupisha maghorofa, majani na barabara pana za mzunguko.

Wakazi walitawanywa, wengi hadi pembezoni kabisa kama Castle Vale na Chelmsley Wood. Hapo ndipo baa nyingi zilipopata jeraha la kifo, hata zile zilizobaki zimesimama. Baa ya pembeni huishi kwa watu wanaoifikia kwa miguu. Ukiwahamisha watu hao, mwenye baa anabaki na kuta na vigae. Bartons Arms iliponea chupuchupu, na leo ipo kando ya barabara pana ya magari huku mitaa iliyokuwa ikiijaza haipo tena.

Wa tatu walikuwa wenye viwanda. Wafanyakazi waliotoka zamu wakiwa na kiu ndio waliokuwa wateja wa uhakika. BSA, kiwanda cha pikipiki cha Small Heath kilichojulikana duniani kote, kilifungwa miaka ya 1970. Ansells, kampuni iliyomiliki sehemu kubwa ya baa hizo, ilifunga kiwanda chake cha Aston mwaka 1981 baada ya mgogoro na wafanyakazi. Leo Small Heath ina Waislamu wengi, na mpita njia anaona misikiti pasipo na baa, kisha anaunganisha mawili hayo kana kwamba moja lilizaa jingine. Halioni lango la kiwanda kwa sababu lango lenyewe halipo tena.

Wa nne walikuwa wafanyabiashara wa madeni. Mwaka 1989 serikali iliamuru kampuni kubwa za bia zipunguze idadi ya baa zilizozifunga kwa mikataba ya kuuza bia yao tu. Nia ilikuwa kuwapa uhuru wenye baa. Kilichotokea ni kwamba baa ziliuzwa kwa maelfu kwa kampuni mpya zisizotengeneza hata pipa moja. Mbili zilizokuwa kubwa kuliko zote zilikuwa Punch Taverns na Enterprise Inns, na hii ya pili makao yake yalikuwa Solihull, jirani kabisa na Birmingham. Zilinunua kwa mikopo ya mabilioni ya pauni, na deni hilo likatua mabegani mwa mpangaji wa baa: kodi ya pango kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine bia ambayo alilazimika kuinunua kupitia kampuni hiyohiyo kwa bei ya juu kuliko sokoni. Mikopo ilipokauka mwaka 2008, kampuni zilianza kuuza majengo ili kulipa madeni. Wajenzi wa nyumba na maduka makubwa walikuwa wakisubiri. Hadi mwaka 2017 sheria ya Uingereza mara nyingi iliwaruhusu kuigeuza baa kuwa duka, au kuibomoa ikiwa haikulindwa kama jengo la kihistoria, bila hata kuomba kibali cha mipango miji.

Takwimu za taifa zinaeleza jambo moja wazi. Kati ya mwaka 2008 na 2018, baa za Uingereza zilipungua kutoka takriban 50,000 hadi 39,000, lakini idadi ya watu walioajiriwa katika baa iliongezeka. Kwa hiyo watu hawakuacha kwenda baa. Zilizokufa ni zile ndogo, za mtaani, na biashara ikahamia kwenye kubwa za kampuni zenye matawi mengi. Ni mpango uleule wa mahakimu wa miaka ya 1890, safari hii ukiendeshwa na benki.

Wa tano, wajenzi wa reli, bado wako kazini. Reli mpya ya mwendo kasi inayojengwa kutoka London itaishia Curzon Street, ukingoni mwa mtaa wa Digbeth. Kwa ajili yake baa ya Eagle and Tun ilibomolewa mwaka 2020. Ilikuwa kazi ya James & Lister Lea pia, na ndimo kundi la muziki la UB40 lilimopigia picha za wimbo wao uliotamba mwaka 1983. Nayo Fox and Grapes, jirani yake, iliyokuwa imeorodheshwa kisheria kama jengo la kihistoria, iliachwa ikachakaa, ikaungua mwaka 2015, kisha ikaondolewa. Je, ni familia gani ya Kisomali iliyochora njia ya reli hiyo?

Wahamiaji walikuwa wapi muda wote huu? Walikuwa mlangoni, wamezuiwa. Wapunjabi walioajiriwa katika viwanda vya kusubu chuma vya Smethwick, mji jirani, walifanya kazi kwenye joto lilelile, walitoka na kiu ileile, na walipoingia baa waliambiwa chumba hiki si chenu. Avtar Singh Jouhl, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma na kiongozi wa Chama cha Wafanyakazi wa Kihindi, aliandamana na wanafunzi Wazungu kutoka baa hadi baa ili kuthibitisha ubaguzi huo na kuwabana wenye leseni. Tarehe 12 Februari 1965, siku tisa kabla ya kuuawa, Malcolm X alikwenda Smethwick kwa mwaliko wa chama hicho, akatembea Marshall Street na kuingia baa ya Blue Gates ajionee mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kwanza ya kupiga marufuku ubaguzi wa rangi mahali pa umma, baa zikiwemo. Watu wanaodaiwa kuziua baa walihatarisha kazi zao wapate kukaa ndani yake.

Nao walipoingia, waliziokoa. Kampuni zilipozitelekeza baa za Smethwick, Handsworth na West Bromwich, Wapunjabi ndio waliozichukua, miongoni mwao wanachama wa jamii iliyopitia Kenya na Uganda kabla ya kufika Uingereza. Walifungua jiko, wakaleta kuku na mishikaki inayofika mezani ikichachatika kwenye sahani ya chuma, na wakaendelea kumuuzia bia mzee wa Kiingereza aliyekuwa akikaa kiti kilekile tangu ujana. Red Lion ya West Bromwich imewekewa vioo vya rangi vinavyosimulia maisha ya Wapunjabi wa mji huo. Mwaka 2023 mwandishi David Jesudason alitoa kitabu kizima kuhusu baa za namna hii. Leo katika eneo hilo ziko baa za zamani ambazo zingekuwa maghorofa kama si hao wanaolaumiwa.

Najua jibu nitakalopewa: ipo mitaa ambako majirani wapya hawanywi, na baa ya mwisho ikakosa wateja. Ni kweli, ipo. Lakini familia ya Kiislamu iliyonunua nyumba Sparkbrook ilinunua kwa sababu mwenye nyumba alikuwa anaondoka, na aliondoka kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha au vitongoji vilimvuta. Mnunuzi hakumfukuza. Na jengo la baa likigeuzwa msikiti au ukumbi wa harusi, kuta zake zinabaki mtaani. Likimilikiwa na mwenye deni, linabaki jina tu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mzee wa Kiingereza anayelilia baa ya baba yake ana haki ya kulia, lakini amefundishwa kumkasirikia jirani ili asimkasirikie aliyemfilisi. Uongo huo una faida kwa watu fulani: mwenye kampuni anauza, halmashauri inasaini, mjenzi anavuna, na hasira yote inaelekezwa kwa mwenye duka la pembeni asiyekunywa. Sisi tunaoitikia tunawasaidia bila malipo, iwe tunaitikia kwa aibu au kwa fahari.

Basi ukiambiwa tena kwamba wageni waliziua baa, usibishane juu ya dini wala rangi. Uliza mambo matatu: leseni ilifutwa mwaka gani, jengo lilikuwa mali ya nani, na nani alitia saini hati ya kulibomoa. Birmingham maswali hayo yana majibu, yamehifadhiwa katika kumbukumbu za mahakama, za halmashauri na za kampuni. Mhamiaji humwoni popote pale penye saini.