Mafuta Yanayochacha Ndani ya Mwili

Tumeletewa suala na kijana mmoja wa Ngamiani, Tanga, nasi twaona linafaa kujibiwa mbele ya wasomaji wote, kwani si la nyumba yake peke yake. Asema kwamba mama yake ana maradhi ya kisukari, na kwamba amejiwa na mtu auzaye vidonge nyumba kwa nyumba, akamwambia kuwa asili ya maradhi yote ni kutu inayoshika ndani ya seli za mwili, na kwamba vidonge vyake huiondoa kutu hiyo, na mwenye kuvimeza hana haja tena ya dawa za hospitali. Bei ya kopo moja ni sawa na matumizi ya nyumba yao kwa juma zima. Kijana auliza: Je, habari ya hiyo kutu ina ukweli wo wote? Na mama yake aziache dawa zake?

Suala la pili jibu lake ni fupi, nasi twalitanguliza: asiziache. Suala la kwanza lataka maelezo, kwa kuwa muuzaji yule hakusema uongo mtupu. Ameshika ncha ya jambo la kweli, akalivuta mpaka mahali ambapo halifiki.

Na tuanze jikoni. Kila mama wa pwani ajua kwamba mafuta ya nazi yaliyopikwa vizuri hukaa chupani miezi mingi wala yasiharibike. Mafuta ya samaki hayana subira hiyo. Vibua walionunuliwa asubuhi soko la Deep Sea, wakikaangwa wakalazwa mpaka kesho yake, harufu yao imekwisha kugeuka; na mafuta yaliyokaangiwa, yakirudiwa jikoni mara ya tatu na ya nne, huwa na ukali unaokera kooni. Twasema yamechacha. Wenye elimu ya kemia watueleza sababu yake. Mafuta yote yamefanywa kwa minyororo mirefu ya kaboni, na kaboni hizo zimeshikana na haidrojeni. Katika mafuta ya nazi, sehemu kama tisa katika kumi ni minyororo iliyoshiba haidrojeni. Katika mafuta ya samaki iko minyororo mingi yenye viungo visivyoshiba, na hapo baina ya viungo hivyo haidrojeni imeshikwa kwa ulegevu. Basi ikiwapo oksijeni, na joto au mwanga au chembe za chuma zikasaidia, haidrojeni ile hupokonywa. Mnyororo uliopokonywa haukai na hasara yake. Hushikana na oksijeni, kisha humpokonya jirani, na jirani naye humpokonya wa pili wake, na mambo yakaenda hivyo hivyo mpaka chupa nzima imeingiwa.

Msomaji asije akatoka hapa akasema kwamba basi mafuta ya nazi ndiyo bora kwa moyo, maana hayachachi upesi. Hilo ni jambo jingine kabisa. Mafuta yaliyoshiba huzidisha lehemu mbaya katika damu, nasi watu wa pwani, ambao wali wetu hautimii bila ya tui, yatupasa kulijua hilo.

Ama ndani ya mwili, karibu kila seli ina matanuri madogo madogo yasiyoonekana kwa jicho, nayo huitwa mitokondria. Chembe nyekundu za damu ndizo zisizokuwa nayo. Chakula tulacho na pumzi tuvutayo hukutana humo, na nguvu ya kunyanyua mkono na kufumba jicho hutoka humo. Seli za moyo, ambao haupumziki usiku wala mchana, zimejaa mitokondria kiasi cha theluthi ya ukubwa wake. Na kila tanuri lina utando wa ndani uliokunjwa kunjwa, na utando huo, pamoja na protini zilizopandwa humo, umefanywa kwa mafuta.

Kwa nini usifanywe kwa mafuta yaliyoshiba, yasiyochacha? Aliyepanda Lushoto na chupa ya mafuta ya nazi wakati wa kipupwe analo jibu: aliamka akayakuta yamegandamana kama nta. Utando wa mitokondria hauna budi kuwa laini, kwani vyombo vya kazi vilivyo ndani yake husogea na kupokezana. Basi mwili umepewa mafuta malaini, na ulaini huo umekuja pamoja na hatari yake.

Katika mafuta ya utando huo, kama moja ya tano ni ya namna ya peke yake, yaitwayo kadiolipini, yaani mafuta ya moyo. Aliyeyatoa kwanza yakiwa safi ni bibi mmoja wa Marekani, Mary Pangborn, mwaka 1942, katika moyo wa ng'ombe. Yana mikia minne, na katika moyo wa mwanadamu mikia hiyo mingi ni ya asidi ile ile iliyojaa katika mafuta ya alizeti.

Twaomba ruhusa tutoke njiani kidogo, maana hapa pana jambo la nyumba zetu. Bibi Pangborn hakuwa akitafuta habari za moyo. Alitaka kitu safi cha kupimia kaswende. Damu ya mwenye kaswende hufanya kingamwili zinazoshikana na mafuta haya, na kwa miaka mingi vipimo vya hospitali, kama kile kiitwacho VDRL, vilitegemea kadiolipini. Lakini kingamwili hizo huweza kutokea katika malaria pia, na katika ukoma, na mara nyingine kwa mwanamke kwa sababu ya mimba tu. Fikirini basi nchi kama Muheza na Pangani katika miaka ambayo malaria haikuacha nyumba: mama mja mzito amepimwa, jibu limetoka kwamba damu yake ina kaswende, na mume amerudi nyumbani na uso mwingine. Ni ndoa ngapi zilizoingiwa na fitina kwa tone la mafuta ya moyo wa ng'ombe? Kipimo cha namna hiyo peke yake si ushahidi. Hapana budi kifuatwe na kipimo cha pili, kitafutacho kingamwili za vijidudu vya kaswende vyenyewe. Nasi Waislamu twajua uzito wa kumtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi. Hata hivyo mama asiikatae dawa atakayopewa na mganga, kwa kuwa kaswende ya kweli, isipotibiwa, huua mtoto tumboni.

Turudi kwenye tanuri letu. Oksijeni inayoingia humo karibu yote hutimiza kazi yake ikawa maji. Lakini sehemu ndogo huponyoka kabla ya kazi kwisha, nayo huwa kali, yenye kupokonya. Na jirani yake wa kwanza ni yepi? Ni mafuta yale yale malaini yaliyo mepesi kuchacha! Basi moto na mafuta vinalala kitanda kimoja maisha yetu yote. Mafuta ya utando yakichacha, tanuri hupungua nguvu, nalo hutoa oksijeni kali zaidi kuliko mwanzo. Tena iko protini moja, jina lake saitokromu si, ambayo imefungwa kwenye utando kwa hiyo kadiolipini. Kadiolipini ikiharibika, kifungo hulegea, na protini ile ikapata njia ya kutoka nje ya mitokondria. Na seli ikiiona nje, huipokea kama amri ya kufa, ikajiua.

Haya yameonekana katika maradhi mengi. Moyo ulionyimwa damu kwa mshipa kuziba, damu ikiurudia ghafula, huja na wimbi la oksijeni kali linaloharibu mitokondria zilizokuwa zimenusurika. Katika kisukari, wingi wa sukari hulisha matanuri kupita kiasi, na oksijeni kali huzidi. Na kuhusu uzee, Denham Harman wa Marekani alitoa rai yake mwaka 1956 kwamba kuzeeka kwenyewe ni mkusanyiko wa madhara ya namna hii. Rai hiyo ingali yabishaniwa na wenye elimu.

Kwa hiyo kutu ipo. Na mwili haukuachwa bila ya mlinzi. Vitamini E, tuipatayo katika karanga, alizeti na mboga za majani, hukaa ndani ya utando wenyewe, na mnyororo wa upokonyaji ukiifikia, huitoa haidrojeni yake, na ugomvi ukakoma hapo. Akili ya haraka yasema: basi tumeze vitamini hizo kwa wingi, na maradhi yatakwisha. Hivyo ndivyo asemavyo muuzaji, na hata mabingwa wakubwa walitumai hivyo. Lakini wao walijaribu kabla ya kuhukumu. Huko Finland wavuta sigara wanaume zaidi ya 29,000 waliingizwa katika jaribio la vitamini E na la betakarotini, ile rangi ya karoti ambayo nayo yasifiwa kwa kuzuia kutu. Majibu yakatoka mwaka 1994: waliomeza betakarotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao kwa asilimia 18. Mwaka 2000 yakatoka majibu ya jaribio jingine, watu zaidi ya 9,000 wenye hatari ya maradhi ya moyo, waliopewa vitamini E au kidonge kitupu kwa zaidi ya miaka minne. Vitamini E haikuwafaa mioyo yao kitu. Ile iliyomo katika chakula ni haki ya mwili. Kopo la vidonge ni bidhaa.

Iko dawa iliyotengenezwa makusudi ishikane na kadiolipini, jina lake elamipretaidi, nayo ilikubaliwa huko Marekani mwaka 2025. Lakini ni kwa ajili ya maradhi adimu ya kurithi yaitwayo Barth, ambayo mtoto huzaliwa hawezi kuifanyiza kadiolipini yake sawasawa. Haina habari na kisukari, wala haiuzwi mlangoni.

Sasa kijana wetu atazame jambo hili kwa makini. Ikiwa wingi wa sukari ndio unaozidisha oksijeni kali katika mwili wa mama yake, basi kinachoipunguza kutu hiyo ni kuishusha sukari, na vinavyoishusha ni vile vidonge vya kliniki anavyoambiwa avitupe, pamoja na chakula cha kiasi na kutembea kwa miguu. Uingereza walifuata wagonjwa wa kisukari zaidi ya 5,000 kwa muda wa miaka 20, na majibu yalipotangazwa mwaka 1998 ilionekana kwamba walioishusha sukari yao kwa mkazo walipungukiwa na madhara ya mishipa midogo, ya macho na figo, kwa kadiri ya robo. Akitaka kutumia fedha za lile kopo, na anunue samaki, mchicha na mafuta mapya ya kupikia, amwage yale ya juzi.

Tena haifai kudhani kwamba kuchacha ni adui siku zote. Chembe nyeupe za damu hutengeneza oksijeni kali kwa makusudi, zikaunguza vijidudu kwayo. Na dawa iliyookoa watoto wengi wa mkoa huu hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Tu Youyou wa China, katika miaka ya 1970, alitoa dawa ya artemisinini katika mmea ulio jamaa moja na pakanga, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ndani ya artemisinini kuna oksijeni mbili zilizofungana kama daraja. Kidudu cha malaria hula damu, na katika kula huko hujaza tumbo lake chuma. Chuma kile hulivunja daraja, na ukali unaotoka hapo humwunguza kidudu mwenyewe, protini zake na tando zake. Wenye elimu wangali wahitilafiana ni kiungo gani kinachopigwa kwanza, na wengine wameitaja mitokondria yake. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani walilisha panya mafuta ya samaki bila ya vitamini E, kisha wakawatia malaria. Malaria ikashindwa kusitawi. Walipowapa vitamini E, kidudu akapona! Asiwepo mzazi wa kumnyima mtoto karanga kwa habari hii ya panya. Lakini yatosha kuonyesha kwamba mlinzi wetu aweza kumlinda na mgeni pia.

Baina ya mwaka 2005 na 2010 Hospitali Teule ya Muheza na hospitali ya Korogwe ziliingia katika jaribio kubwa la nchi 9 za Afrika, la kulinganisha sindano ya atesuneti, itokanayo na artemisinini, na kwinini ya zamani. Watoto 5,425 wenye malaria kali walitibiwa. Katika 2,713 waliopewa kwinini walifariki 297. Katika 2,712 waliopewa atesuneti walifariki 230. Mwaka uliofuata, 2011, Shirika la Afya Duniani likaagiza kwamba sindano hiyo itangulizwe kwa watoto wa Afrika. Wengi wa watoto hao leo ni vijana, na huenda wengine wanausoma ukurasa huu bila ya kujua kwamba walihesabiwa.

Chai ya majani ya mmea ule haishiki nafasi ya sindano, na Shirika hilo haliikubali, kwani kipimo chake hakijulikani na dawa iliyomo haitoshi. Na sindano nayo haitoshi peke yake. Mtoto akishaweza kumeza, hufuatwa na vidonge vya mseto kwa siku tatu kamili, hata akiwa ameamka na kuomba uji. Maana tumeona wazazi wakiviweka vidonge vya mwisho kabatini, kwa ajili ya homa ijayo.