Shitaka la Ugaidi Halitaiokoa Salamabila

Kusini mwa jimbo la Maniema, Kongo, kuanzia Kasongo hadi Kabambare, kuna imani inayosemwa kila mahali kana kwamba haina wa kuipinga: watu wa bunduki wanaoisumbua Salamabila ni magaidi, na dawa yao ni mahakama ya kijeshi na hukumu ya kifo. Ukiuliza swali lolote, unaulizwa uko upande gani. Niko upande wa mwanamke aliyebakwa akitoka shambani, na ndiyo sababu naipinga imani hiyo.

Wanaoishika hawakuitunga hewani. Kanuni ya adhabu ya kijeshi, Sheria Namba 024/2002 ya tarehe 18 Novemba 2002, inataja ugaidi katika kifungu cha 157: makosa yanayotendwa kwa nia ya kuvuruga vibaya usalama wa umma kwa vitisho au hofu. Utekaji nyara umo ndani, na Salamabila imeuona. Machi 2017 wafanyakazi watano wa mgodi wa dhahabu wa Namoya, uliokuwa wa kampuni ya Banro ya Kanada, walitekwa, miongoni mwao Mfaransa na Mtanzania. Julai 2019 wakatekwa wengine wanne, na Septemba mwaka huo kampuni ikasimamisha kazi. Lawama nyingi ziliwaangukia wanamgambo wa Mai-Mai Malaika wa Sheikh Assani.

Hilo jina la sheikh limeongeza petroli kwenye moto. Watu wa mbali wakisikia sheikh na bunduki, mara moja wanawaza kundi la waasi la ADF la Beni, ambayo Marekani iliitangaza Machi 2021 kuwa tawi la Dola la Kiislamu. Lakini Uislamu wa Kasongo ni wa tangu karne ya 19, enzi za Tippu Tip, na hauna deni kwa mtu yeyote wa Syria. Madai yaliyokuwa yakisikika kuzunguka Namoya ni ya duniani kabisa: ajira, fidia, na nafasi ya wachimbaji wadogo waliofukuzwa kwenye mashimo yao. Madai hayo hayamsafishi aliyebaka au kuteka. Yanachofanya ni kulitikisa shitaka lenyewe, maana mwendesha mashtaka wa ugaidi analazimika kuthibitisha kusudi la hofu, na wakili yeyote makini atamaliza siku nzima akionyesha kwamba mteja wake alitaka pesa na shimo la dhahabu tu.

Ubakaji hauna mlango huo wa kutorokea. Sheria Namba 15/022 ya tarehe 31 Desemba 2015 iliingiza uhalifu dhidi ya binadamu na uhalifu wa kivita katika kanuni ya adhabu ya Kongo, na majirani zetu wa Kivu Kusini wameitumia. Novemba 2017 mahakama ya kijeshi ilihamia Kavumu, ikasikiliza kesi ya watoto wapatao 40 waliobakwa, mashahidi wakifichwa sura na sauti. Tarehe 13 Desemba, Frédéric Batumike, mbunge wa jimbo, na wanamgambo wake wakapewa kifungo cha maisha. Novemba 2019 huko Bukavu, Kokodikoko, kiongozi wa wanamgambo wa Raia Mutomboki, akapata kifungo hicho hicho kwa aliyoyatenda Shabunda, mlangoni kwa Maniema. Kilichowafunga ni vyeti vya daktari, majina ya vijiji, tarehe, na wanawake waliosema mbele ya hakimu nani aliwafanya nini. Kazi ya namna hiyo ni ya polepole, haipigiwi makofi kwenye mkutano wa hadhara, lakini inazaa hukumu inayosimama.

Halafu kuna yule ambaye shitaka la ugaidi halimgusi kabisa. Fuata dhahabu inapotoka shimoni. Mchimbaji anamletea mnunuzi chembe zilizofungwa kwenye kipande cha karatasi. Zinamiminwa kwenye mizani ndogo ya mkononi, na kuna mahali vijiti vya kiberiti ndivyo bado vinavyotumika kuwa mawe ya kupimia. Hakuna anayeuliza nani alitoza kodi njiani. Baada ya hapo ni Bukavu au Uvira, kisha Bujumbura au Kampala, mwisho Dubai. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekuwa wakiiandika njia hiyo mwaka baada ya mwaka, na Machi 2022 Marekani iliiwekea vikwazo African Gold Refinery ya Entebbe. Ukiona vyaelea, vimeundwa: bunduki za Salamabila zinaishi kwa mnunuzi aliyekaa kwenye kiti kizuri.

Nitaambiwa kwamba sheria inakataza pia kufadhili ugaidi. Ni kweli, lakini hapo tena utahitaji kuthibitisha kwamba mfanyabiashara alijua fedha yake inaenda kwa magaidi. Utakatishaji fedha ni rahisi zaidi kuuthibitisha: inatosha kwamba alijua mali imetokana na uhalifu. Kongo inayo Sheria Namba 22/068 ya tarehe 27 Desemba 2022. Nchi za Maziwa Makuu nazo zilitia saini Nairobi, Desemba 2006, mkataba wenye itifaki dhidi ya uporaji wa maliasili. Silaha za kisheria zipo; tunapoteza muda tukipigania jina la kumwita mtu wa msituni.

Na hukumu ya kifo? Kinshasa ilifuta Machi 2024 usitishaji wa utekelezaji wake uliodumu tangu 2003, na Agosti mwaka huo kiongozi wa waasi Corneille Nangaa akahukumiwa kifo bila kuwepo mahakamani. Nani amelala salama zaidi kwa sababu hiyo? Uhalifu unaovuka mipaka unahitaji nchi nyingine zikukabidhi watu, na kifo kinafunga mipaka hiyo. Khalfan Khamis Mohamed, Mzanzibari wa mlipuko wa ubalozi wa Marekani Dar es Salaam wa 1998, alikamatwa Cape Town na kukabidhiwa Marekani. Mwaka 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema kumtoa bila ahadi ya kutomuua kulivunja katiba. Mnunuzi wa dhahabu akikimbilia huko kesho, kitanzi chetu ndicho kitakachomlinda.

Kwa hiyo mwanasiasa atakayekuja Kabambare akipiga kelele za magaidi aulizwe mambo matatu. Mahakama ya kuhamahama itakaa Salamabila lini? Nani atawalipia walionusurika nauli na kuwalinda wakishatoa ushahidi? Na ni vitabu vya mnunuzi gani wa dhahabu vimeshafunguliwa? Akikosa majibu, kura zake asizitafute huku.